Chupa za Mkojo Dirishani

Mutheu, binamu yangu, na wengine wote mtakaokalia kile kiti chenye mguu mmoja mfupi baada yangu: nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, magoti bado mazima, na wiki ijayo naingia Form Four, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili atakayenikabidhi chupa ya mkojo wake. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa mche mzima wa sabuni, na Anti Syombua akaniambia ninawe mpaka kwenye viwiko kwa mara ya mwisho. Sikulia. Ilikuwa ni ile dawa ya kusafishia sakafu.

Kuhusu mshahara sisemi kitu. Ulikuwa chapati mbili kwa siku, na kupandishwa cheo kulikuwa chapati ya tatu. Yaliyobaki naandika hapa, kwenye daftari la Kemia ambalo halikuwa na kazi nyingine, ili usirudie nilichofanya. Nilifanya kitu kizuri sana, Mutheu. Kilikuwa kizuri hata watu walisimama kukitazama. Na kilibakisha kidogo tu kimharibie Mwalimu Mbithe maisha.

Lakini nianze na siku ya kwanza, likizo ya Aprili. Kliniki unaijua: vyumba vitatu vya mabati nje kidogo ya soko la Ikutha, veranda ya kungojea, choo cha shimo nyuma, na mbuzi wa Daktari, jina lake Waziri, aliyefungwa kwenye mwarobaini. Anti ndiye wa maabara. Daktari Noor ndiye wa kila kitu kingine. Daktari ni mtu wa Garissa, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi, lakini Kikamba alijua neno moja tu, nesa, yaani vizuri, na alilitumia kwa kila mtu. Mtu anaingia jino limevimba mpaka jicho limejifunga, Daktari anamwambia nesa. Mwingine anaeleza vile hajalala siku tatu, nesa. Wazee wakaanza kunong'onezana kwamba huyu kijana anafurahia sana shida za watu.

Kwa hivyo nililetwa niwe mdomo. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa kofia, umri wa babu yetu. Akaniona, akanyamaza. Daktari akamuuliza shida ni nini. Mzee akatazama paa.

"Mwambie sina shida," akasema kwa Kikamba. "Nilikuwa napita tu."

Alikuwa amepita kilomita tisa kwa miguu.

Anti akaingia, akanishika mabega, akageuza kiti changu mpaka nikabaki natazama ukuta, mgongo kwa mzee. "Sasa wewe si mtoto wa mtu," akasema. "Wewe ni redio."

Nikasikia mzee akikohoa. Halafu akaanza kuuambia mgongo wangu mambo yote: mkojo unatoka kama bomba la soko wakati wa kiangazi, tone, ngoja, tone, anamaliza na hajamaliza, akilala anaamka mara tano. Nikayageuza Kiswahili moja baada ya lingine, nayo yakapita kichwani mwangu bila kugusa ukuta wowote. Daktari akajua ni ile tezi ya wazee inayobana njia, akamwandikia barua ya hospitali kubwa. Mzee alipotoka aliusalimia mgongo wangu kwa heshima sana. Uso wangu hakuutaka.

Ndiyo maana kile kiti kinatazama ukuta. Usikigeuze. Ule ukuta una nyufa, na nilizitazama mpaka zikawa mito. Ule mrefu ni Tiva, na kona zake zote. Sauti zinatoka nyuma, za watu usiowaona, zinakueleza maumivu polepole, na wewe unayavusha tu, na baada ya muda hujui kama uko macho. Kuna mchana nilihisi nimelala kwenye mchanga wa huo mto mkavu na maji yanapita chini yangu, chini sana, yakilalamika kuhusu vibofu.

Sasa kazi yenyewe. Utashangaa vile watu karibu wote wanasema maneno yaleyale: naenda choo kila saa, kunachoma, kunauma hapa chini ya kitovu. Magonjwa hayo yanavaa yunifomu moja kama sisi kwenye gwaride, na mkorofi kati yao hajulikani mpaka umtoe mbele na kumuuliza. Daktari alinionya wiki ya kwanza. "Nduku, usiniletee jina la ugonjwa. Wewe ukishaleta jina, mimi naacha kusikiliza. Niletee hadithi. Inauma wakati gani? Imeanza lini? Nini kinaipoza?"

Nikajifunza. Ikiwa inachoma mkojo ukipita, imeanza juzi, mkojo una ukungu na harufu, hao ni wadudu wa kawaida, na kuna dawa. Ukiongeza homa na maumivu ya mgongoni, usimalize hata sentensi, mwite Daktari, kwa sababu wamepanda kwenye figo. Ikiwa mkojo unakatika ghafla katikati kama mtu amefunga mfereji, kisha mtu akiegemea upande unaendelea, uliza kuhusu jiwe. Kulikuwa na mtu wa bodaboda alikuwa anakojoa akiwa ameinama kama anatafuta funguo, na alidhani ni mtindo wake tu.

Mama Halima wa duka la jumla hakunihitaji, maana yeye na Daktari wanaelewana kwa Kisomali chao na kwa Kiswahili pia. Lakini alikataa nitoke. "Kaa mwanangu, usikie. Mimi naenda choo mara kumi na tano na haiumi hata kidogo. Kiu tu, nakunywa mtungi. Na choo changu sasa kina sisimizi kuliko gunia langu la sukari." Daktari akaacha kalamu. Alimtoboa kidole akampima damu papo hapo. Huyo kibofu chake kilikuwa kizima kabisa, kilikuwa kinafanya kazi ya damu yenye sukari.

Na yule mama msuka viondo, vile vikapu vya mkonge, kutoka Mutomo. Huyo nilimpenda. Mkojo wake kila ukipimwa ni safi, na alikuwa ameshameza dawa za wadudu mpaka tumbo likakataa. Maumivu yake yalikuja kibofu kikijaa, yakapoa akishakwenda choo, na hivyo kwa mwaka na zaidi. Hana saa, kwa hivyo Daktari alimuuliza anaweza kusuka safu ngapi za kiondo kabla haijaanza kuuma. "Nne," akasema bila kufikiri. Daktari akaandika hiyo kwenye faili: safu nne. Hakuna mdudu hapo, alimwambia, kibofu chenyewe kina hasira, na tutakibembeleza. Akamwachisha chai ya rangi na pilipili, akamfundisha kusubiri kidogo kidogo. Agosti alikuwa safu saba. Desemba alikuja na kiondo chenye mstari mwekundu kila baada ya safu tisa, akakiweka mezani. Mimi nilitazama ukuta, lakini nilikisikia.

Vifaa ni vichache, vitunze. Kuna maikroskopu ya zamani yenye kioo kidogo chini. Stima ikipotea, na itapotea, unaisogeza mlangoni na kukigeuza kile kioo mpaka kishike jua. Kuna mashine ya kuzungusha mkojo kwa mkono, ina mlio wa cherehani iliyokasirika, na inatuliza uchafu chini ili Anti auangalie. Na kuna kalamu ya kuandikia chupa. Siku ya kwanza kabisa Anti alinipa hiyo kalamu akasema, "Jina, namba, saa. Saa usiisahau. Mkojo ni kama maziwa, ukikaa unabadilika." Nikasema sawa Anti. Unajua vile mimi husema sawa Anti.

Mwalimu Mbithe alikuja Aprili hiyohiyo, wa kwanza kwenye foleni, kabla jua halijatoka. Ilikuwa likizo, lakini yule hata likizo huwahi gwaride. Wewe hakukufundisha, kwa hivyo nikuambie: ndiye mwalimu pekee aliyewahi kuruka kamba na sisi akiwa na sketi ya kazi, na hatukuwahi kumshinda. Aliingia, akakaa, akaona kiti changu.

"Nduku," akasema nyuma yangu, "huo mgongo naujua. Darasa la nne ulikuwa unaficha biskuti nyuma yake."

Kisha akaeleza. Kunachoma, anaenda kila dakika, chini ya kitovu kuna uzito. Daktari akauliza kama anaona damu mwishoni mwa mkojo.

"Daktari, choo chetu ni cha shimo. Giza. Nitaona nini?"

Daktari akacheka kidogo, nasi tukaendelea. Likumbuke hilo jibu. Mimi nililiacha liende na maji. Anti akapima, akakuta usaha na wadudu kiasi, Daktari akampa dawa ya siku saba. Ilionekana hadithi fupi.

Halafu ikaja Agosti, na foleni ikawa ndefu mpaka kwa mwarobaini, Waziri akala kadi ya kliniki ya mtu. Anti alikuwa anashughulikia damu kwanza na mkojo baadaye, watu wanakaa tu kwenye veranda wakibana miguu. Nami nikapata wazo. Unajua pale kioski cha maji: hakuna mtu husimama kwenye foleni, unapanga mtungi wako unaenda zako, mtungi ndio unasimama. Nikasema, na kwa nini chupa isisimame? Basi kila asubuhi saa moja nikawa nawagawia wote wa mkojo chupa, wanaenda choo kwa zamu, wananiletea, nazipanga kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma kwa namba. Watu wanaenda sokoni kuuza kuku wao. Mimi nampitishia Anti kupitia kile kidirisha cha maabara, tatu tatu, akimaliza hizo nampa zingine, mpaka saa sita na zaidi.

Mutheu, ungeona. Lile dirisha linatazama mashariki. Jua likipanda juu ya ile migunga mirefu ya mto, linapita kwenye chupa kumi na moja kwa mara moja. Kuna ya rangi ya asali, kuna ya majani makavu, kuna ya chai iliyosahauliwa, kuna moja nyeupe kama maji ya mvua, na vivuli vyao vinalala ukutani vikitetemeka. Nilikuwa nakaa pale chini na mgongo wangu kwenye ukuta wa joto, nasinzia, nikifungua macho naona dhahabu tupu. Watoto walikuja kutazama. Kina mama walinyoosha vidole wakiulizana ya nani ni ya nani. Daktari akatoka nje, akaona veranda haina mtu, akaona lile dirisha, akasema neno lake.

"Nduku. Nesa."

Nikapewa chapati ya tatu. Na kuandika saa nikaacha. Zote zingekuwa saa moja, sasa ya nini? Anti aliuliza mara mbili hivi, nikasema sawa Anti. Kila alipopita akienda choo aliona safu pale dirishani, akadhani ni safu mpya, watu wanakuja na kuondoka. Ni kama mto kwa mbali, ukiutazama unadhani ni maji yaleyale au maji mengine, vile unavyotaka mwenyewe.

Mwalimu alirudi Agosti mara mbili. Namba moja siku zote, chupa yake ya kwanza kushoto. Majibu: usaha, damu kidogo sana isiyoonekana kwa macho, na wadudu wengi. Dawa nyingine. Dawa nyingine tena. Novemba akarudi, namba moja, wadudu wengi, na Daktari akakaa muda mrefu bila kuandika.

"Mwalimu, nimekupa kila kilichomo," akasema. "Nakuandikia uende hospitali kubwa wakakuangalie ndani kwa kamera. Mimi hapa sijui tena."

Halafu Mwalimu akaanza kusema kwa Kikamba. Kiswahili anafundisha, kwa hivyo haikuwa shida ya lugha. Aliuambia mgongo wangu, na hakungoja nitafsiri.

"Watu wa kina Kyalo wanakuja na ntheo baada ya Krismasi," akasema. Kyalo ndiye mchumba wake, anauza vipuri Malili, na ntheo ni wale mbuzi wanaomfanya mtu awe mke wa nyumba hiyo mbele ya wazee, hakuna kurudi nyuma. "Mama yake amesikia natibiwa tangu Aprili. Anauliza ni ugonjwa gani wa mwanamke ambaye hajaolewa, usiopona. Kyalo ananitetea, lakini atanitetea kwa jina gani la ugonjwa? Na ntheo ni kukaa, Nduku. Wazee wanaongea kwa saa tatu nzima. Mimi nitainuka kila dakika kumi, na kila nikiinuka wataangaliana. Nitawaambia wasilete mbuzi. Sitakula ntheo ya watu na kitu mwilini nisichokijua."

Akachukua barua yake akatoka. Daktari akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia yote. Ufa wa Tiva ulikuwa umejaa maji, au ni macho yangu.

Sasa, wewe unajua nikihuzunika ninafanya nini. Wengine huomba, mimi hufanya ujinga. Kesho yake nikaongeza chupa ya kumi na mbili kwenye safu, ya kwangu mwenyewe, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Bw. Waziri, umri miaka mitatu, mume. Nilitaka Anti amwandikie mbuzi majibu na kupiga muhuri. Nilikuwa nimeshapanga mahali pa kuyabandika.

Saa sita na kitu kidirisha kikafunguka. "Nduku, huyu Waziri mwambie Daktari amwone leo. Usaha hana, ajabu, lakini ana wadudu mpaka wanasukumana."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Anti, huyo ni mbuzi."

"Mbuzi alikojolea chupa?"

"Ni mimi."

Hakucheka. "Kunakuchoma?"

"Hapana."

"Unaenda choo sana?"

"Hapana, Anti. Niko sawa."

"Kalete nyingine. Sasa hivi."

Nikaleta, bado ina joto la mwili. Akaipima mbele yangu, akaniita niangalie kwenye maikroskopu. Hakukuwa na kitu. Mwanga tu, mtupu, kama anga ya Januari.

"Ile ya kwanza ulitoa saa ngapi?"

Hapo ndipo nilitaka kudanganya, nikwambie ukweli. Jibu la saa tano lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini kichwani niliona chupa ya kwanza kushoto, ya Agosti na ya Novemba, na mwenye nayo akiuongelesha mgongo wangu.

"Saa moja," nikasema. "Zote ni za saa moja. Kila siku. Zinakaa dirishani."

Anti akainuka, akatoka nje, akaenda mpaka kwenye kizingiti. Zilikuwa zimebaki nne. Aligusa moja kwa nyuma ya vidole, vile mtu anagusa paji la mtoto.

"Moto kama chai," akasema. Akazitazama kwa muda, mwanga wa rangi ya asali ukimcheza kwenye koti lake jeupe. "Na ni maridadi kweli."

Afadhali angenichapa.

Ndani, Anti ndiye aliyemweleza Daktari, lakini alinifanya nisimame pale, na safari hii uso mbele. Mkojo ukikaa kwenye joto, wadudu wachache wa ngozi tu wanazaana mpaka wanaonekana ugonjwa. Daktari alitoa faili ya Mwalimu akaweka karatasi zake nne kando kando.

"Kwa hivyo tangu Agosti," akasema polepole, "mimi nimekuwa nikitibu dirisha."

Anti akaweka kidole pale palipoandikwa damu, maana damu hailetwi na dirisha. Kisha Anti akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Huyu mwalimu, mmewahi kumpima mchana?"

"Huwa wa kwanza," nikasema. "Siku zote."

"Na nguo anafulia wapi?"

"Silanga. Sisi wote tunafulia silanga." Lile bwawa letu la udongo, unalijua, ndilo lilikufundisha kuogelea na kupiga kelele.

Wakatazamana. Anti akanieleza huku akivua glavu. Kuna kichocho, shuleni tunakiita bilhazia, tunakijibu kwenye mtihani na kukisahau. Konokono wa maji yaliyosimama, mnyoo unaingia kwenye ngozi, unaishi karibu na kibofu, unataga. Kinachoma vilevile. Unaenda choo vilevile. Yunifomu ileile. Lakini mayai yake hayapendi asubuhi: yanatoka kwa wingi kati ya saa nne na saa nane mchana, hasa mtu akiwa ameutikisa mwili, na yako kwenye yale matone ya mwisho. Sisi tulikuwa tumempima mtu mara nne wakati mayai yake yamelala.

Nilitumwa mimi. Nilimkuta silanga, amesimama maji yakifika kwenye vigimbi vya miguu, anasuuza shuka. Nikasimama pale pakavu, nikasema yote kwa pumzi moja, mpaka na mbuzi. Alisikiliza huku shuka ikielea mbele yake kama wingu lililoshuka kupumzika.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na nikija hiyo saa sita, mkikosa kitu?"

"Basi utaenda kwa kamera. Lakini utaenda na majibu ya ukweli."

Akaikamua shuka mpaka tone la mwisho, taratibu sana, halafu akatoka majini. "Hujaniomba msamaha, Nduku."

Nikaomba. Ilichukua muda, kwa sababu nilianza tangu biskuti.

Kesho yake saa tano na nusu alikuwa nyuma ya kliniki, jua juu ya utosi. Anti alisema apande na kushuka ngazi za veranda, atikise mwili. Ngazi zenyewe ni mbili. Mwalimu akazitazama, akatazama kamba ya Waziri iliyokuwa imelala chini ya mwarobaini, ndefu, mbuzi akiwa ameshajinasua kama kawaida yake.

"Shika hapo," akaniambia. Upande mwingine tukaufunga kwenye mti. Nikazungusha. Akaruka polepole, mkono mmoja umeshika tumbo, uso umekunjamana, kisha haukukunjamana sana, kisha sketi ikaanza kupepea na vumbi likapanda jekundu likatuzunguka sote. Mama Halima akapita kuchukua dawa yake ya sukari. "Hii kliniki imekuwa shule," akasema, akakaa kwenye ngazi kuhesabu. Sijui tulifika ngapi. Kwenye kumbukumbu yangu bado anaruka, haijasimama ile kamba, na kivuli chake kiko chini yake kabisa, kidogo kama kiatu.

Akaingia na chupa. Akatoka ameishika mbele yake kwa mikono miwili, juani. Chini ilikuwa ya rangi ya kawaida, na juu, pale tone la mwisho lilipoangukia, kulikuwa na uzi mwekundu ukijikunja polepole na kutandazika.

"Hii ni yangu?" akauliza. Tangu Aprili ilikuwa inaangukia gizani.

Nikaandika jina, namba, saa sita kasorobo, nikakimbia. Dirishani sikutazama. Stima haikuwepo, nikazungusha mashine kwa mkono mpaka bega likawaka, Anti akasogeza maikroskopu mlangoni akashika jua kwenye kile kioo. Akainama. Mwalimu amesimama mlangoni, Daktari nyuma yake. Anti akajiondoa, akaninyooshea kidole: angalia.

Lilikuwa kama mbegu ya tikiti iliyotengenezwa kwa kioo, na mwisho wake mmoja una mwiba mdogo. Pembeni lingine. Na lingine. Ndani ya lile la katikati kitu kilikuwa kinacheza, kinatetemeka kidogo kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nilikitazama mpaka nikasahau ni ugonjwa. Nilisahau hata mimi ni nani. Kisha nikainua kichwa nikamwambia Mwalimu, kwa Kikamba, lina jina, na jina lenyewe si lile wanalofikiria huko Malili.

Alikaa chini palepale mlangoni. Daktari akampima uzito, akamwambia ale ugali kwanza, ashibe, halafu akampa vidonge vinne vikubwa, vichungu mpaka uso ukageuka. Akamwonya kwamba kibofu kimechubuka, kitachukua wiki kadhaa kupona, na atarudi kupimwa tena, mchana. Akaandika barua kwa watu wa afya kuhusu silanga. Mimi nikapewa orodha ya kila mtu aliyewahi kusimamisha chupa kwenye kile kizingiti, na nikazunguka Ikutha nzima wiki mbili nikiwaambia warudi, na sababu. Kuna mama alinifukuza na mwiko. Chapati zilirudi mbili, na ilikuwa haki.

Ntheo ililetwa baada ya Krismasi. Mbuzi watatu kutoka Malili juu ya pikapu, na mama yake Kyalo mbele amekaa wima kama amemeza fimbo. Mwalimu alikuwa amemtumia Kyalo jina la ugonjwa, limeandikwa na Daktari na kupigwa muhuri. Sisi wa kliniki tulialikwa, tukakaa chini ya hema la kukodi. Anti akanipitishia figo ya kuchoma. "Kula," akanong'ona, "ni kiungo cha kazi yako."

Wazee wakaanza kuongea. Wa kwao akaeleza walikotoka, kona kwa kona tangu Malili. Wa kwetu akaeleza tulivyowapokea, na wao wako palepale wanaona. Joto likalala juu ya hema, sauti zikawa za mbali, nikasikia ule ukuta wangu ukiongea tena. Lakini sikusinzia. Nilikuwa na kalamu ya chupa mfukoni, na Mwalimu alipoketi kwenye kile kiti chenye shuka nyeupe niliandika kwenye kiganja: saa saba na robo.

Saa nane akacheka na shangazi yake. Saa tisa mzee mmoja akaanza upya kwa sababu kuna aliyechelewa. Mama yake Kyalo alikuwa anamtazama Mwalimu, si kwa ubaya, kwa kungoja tu. Mimi pia. Saa kumi na dakika ishirini Mwalimu akainuka. Mama yake Kyalo akageuza shingo kumfuata. Mwalimu akapita karibu nami, akachukua jagi la maji mezani, akaenda kuwanawisha wazee mikono, mmoja mmoja, kisha akarudi akaketi.

Niliandika na saa hiyo. Nimenawa kwa ule mche wa sabuni mara nyingi tangu hapo, na ukinyoosha mkono wangu kwenye jua, saa zote mbili bado zinasomeka kidogo.